Springi za Kahawa Tusiyoibeba

Springi ya nyuma ya kushoto ilikatikia mbele ya kanisa, Jumapili, na nina hakika kwamba kama ingekatikia shambani yote yaliyofuata yasingetokea. Baba alikuwa anairudisha pikapu yetu nyuma ili ikaribie mlango, mama asitembee mbali. Tukasikia mlio mkavu, kama fimbo nene inayovunjwa kwa goti, na upande mmoja ukashuka mpaka tairi likakaribia kugusa bodi. Ibada ilikuwa imekwisha. Wanaume wa Isansa walikuwa wamesimama nje, Biblia kwapani, hakuna mwenye haraka.

"Mzee, gari limechuchumaa," mmoja akasema.

"Limeshikwa na haja," mwingine akadakia. "Lipelekeni nyuma ya migomba."

Wakacheka. Baba naye alicheka, lakini akatoa kitambaa akaanza kufuta kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi kabisa. Nilipoona anakifuta kioo kile, nilijua kwamba suala la springi limeshatoka kwenye ufundi na kuingia kwenye heshima, na huko mtu haulizwi maswali.

Kwetu gari hutazamwa mkia. Likiwa tupu na nyuma imenyanyuka, kama kuku anayekunywa maji, watu husema hilo ni gari la kazi, nyumba hiyo inavuna. Likikaa sawasawa na ardhi, husemwa kwamba springi zimechoka, na mwenye gari pengine amechoka pia. Sijui nani alianzisha hesabu hiyo. Nimewauliza wengi na kila mmoja amenijibu kwamba ndivyo ilivyo. Nilisoma uchumi wa kilimo chuo kikuu kwa miaka kadhaa, na jibu la "ndivyo ilivyo" bado linanipandisha joto la mwili.

Kwa sababu ukweli ni huu: gari letu halibebi kahawa. Liliwahi kubeba, zamani, nilipokuwa mdogo, magunia yakipangwa mpaka juu ya paa. Siku hizi lori la chama cha msingi huja mpaka ghalani, linapakia kahawa ya kijiji kizima, linaondoka. Kazi ya pikapu yetu ni watu. Inabeba kwaya ikialikwa usharika wa jirani. Inabeba wagonjwa wa mtaa mzima, kwa kuwa ni gari pekee linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne kwenye tope letu. Inabeba maharusi, inabeba maiti, na mahindi machache ya kupeleka mashineni. Zaidi ya wote inambeba mama.

Mama aliteleza kwenye maji ya kuoshea kahawa, pale penye mashine ya kumenyea, akaanguka chali na ndoo mkononi. Tangu siku ile pingili za chini za mgongo wake hazijakaa vizuri, na mguu wa kulia ulianza kufa ganzi. Daktari wa Vwawa alimwambia mambo mawili: asikose mazoezi ya hospitalini, na asirushwerushwe njiani. Akikosa mazoezi, ganzi inaweza kuhamia mguuni moja kwa moja. Sasa, barabara ya kutoka kwetu kwenda kwenye lami ndiyo inayorusha watu. Ili apone ilibidi apite kwenye kitu kilichokatazwa. Alikuwa ameshaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda: mara kuna msiba, mara kuku wanaatamia.

Kwa hiyo springi ilipokatika mimi nilifurahi. Naam, nilifurahi. Zile za zamani zilikuwa zimekufa, na hapa palikuwa na nafasi ya kuchagua zinazomfaa.

Nafanya kazi Tunduma, kwenye ofisi ya kushughulikia makaratasi ya mizigo inayovuka mpaka. Niliwaambia baba na baba mdogo waje siku ambayo mama ana mazoezi. Wamshushe Vwawa asubuhi, waendelee kwangu gari likiwa limeegemezwa kwa gogo na minyororo mahali pa springi iliyokatika, tutafute springi, halafu tumpitie wakati wa kurudi. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa wangu.

Wauza springi wapo nje ya mtaa wa spea, upande ambao vumbi la foleni ya malori linafikia. Springi zimerundikwa chini kama mbavu za ng'ombe, nyingine mpya zina mafuta, nyingi zimetolewa kwenye malori yaliyokufa njiani kuelekea Kongo. Muuzaji wetu alivaa koti zito na kofia ya sufu, kwa sababu upepo wa Tunduma hauheshimu mchana. Alikuwa anamhudumia Mzambia mmoja mwenye lori, akamwacha kidogo akatugeukia.

"Karibu mzee. Unatafuta za kubeba au za kutembelea?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo akalijibu.

"Za kubeba! Kwani tumefuata kiti cha saluni?"

"Za kutembelea," nikasema.

Muuzaji akamtazama baba, si mimi. "Mzee?"

"Za kubeba."

"Kubeba nini?" nikauliza.

"Mzigo."

"Mzigo gani, baba? Kahawa inafuatwa na lori."

"Na mwaka ambao lori halitakuja?"

"Limewahi kutokuja?"

Baba mdogo akafungua mikono yake kumwonyesha muuzaji. "Unaona? Tumesomesha. Sasa tunahojiwa."

"Dada," muuzaji akaniuliza kwa upole wa kuudhi, "chuo mlifundishwa springi?"

"Tulifundishwa kuuliza kitu kitatumika kufanya nini kabla ya kukinunua."

Yule Mzambia akacheka mpaka akashika tumbo, akaniita kwa neno la heshima la kwao. "Mukwai, mama, kuja uniulize mimi. Nyumbani naulizwa kila siku, nimezoea."

Hata mimi nilicheka, na nikakasirikia kicheko changu.

Palikuwa na jozi mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa mpya, imetengenezwa kwa kipimo cha pikapu kama yetu: vipande vyembamba vilivyolaliana, kirefu juu na kifupi chini. Ukisimama juu ya ncha na kujitikisa, unasikia inakujibu. Ya pili ilikuwa imeungwaungwa kutoka springi za lori, vyuma vinene vilivyokatwa ncha vilingane na gari dogo, vikafungwa pamoja kwa boliti moja katikati. Muuzaji alichukua nyundo akagonga kila kipande. Kugonga kule kuna maana, sikatai: chuma chenye ufa hutoa sauti butu. Lakini vya lori vililia kwa sauti ndefu na nzuri, vyuma vinene vile, na nikaona uso wa baba ukilegea kama mtu anayesikiliza kengele ya kanisa lake mwenyewe. Walikuwa wanachagua springi kwa mlio. Ile jozi nyembamba ililia pia, haina ufa hata mmoja, ila ililia kwa sauti ndogo, na kwa kosa hilo ikasukumwa pembeni kwa mguu.

"Baba," nikasema, "springi kazi yake ni kushuka. Gurudumu likiingia shimoni, yenyewe inashuka na kupanda ili aliyekaa juu asijue. Isiposhuka ni reli."

"Inayoshuka ndiyo iliyofanya tuchekwe kanisani."

"Ile ilikatika. Haikushuka, ilikatika."

"Watu waliona imeshuka."

"Mmemuuliza mama?"

Hapo baba mdogo alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa anatania. "Mama yako anaulizwaje springi?"

"Yeye ndiye anayeikalia."

"Anakalia kiti. Kiti kina sponji."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Mwanamume mzima, aliyelea watoto, anayemsalimia shemeji yake kila asubuhi na kumuuliza mgongo umeamkaje, aliona kwamba sponji inatosha. Hakuna aliyekuwa na ubaya na mama. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi. Ningepambana vizuri zaidi na ubaya.

Fundi wa ng'ambo ya barabara alizifunga zile za lori. Kisha likafuata jambo ambalo pale Tunduma ndilo hitimisho la kila biashara ya springi: waliitwa makuli wapande nyuma. Wakapanda, wakajazana, wakashikana mabega, wakarukaruka kwa pamoja wakihesabu kwa sauti. Mkia haukushuka hata kidogo. Wapita njia walipiga makofi. Mzambia akapiga honi ya lori lake. Baba alizunguka gari akiwa amefunga mikono mgongoni, na kila alipofika nyuma alitembea polepole zaidi.

"Hilo sasa ni gari," muuzaji akasema.

"Hilo sasa ni meza," nikasema, na hakuna aliyenisikia.

Mpaka Vwawa lami ilitufichia ugumu wa springi. Mama alitutokea getini mwa hospitali akiwa na uso mwepesi, kama anavyokuwa baada ya mazoezi, akaniuliza nimekula nini. Akaingia mbele na baba. Mimi na baba mdogo tukakaa nyuma. Tulipoiacha lami nikashika bodi kwa mikono yote miwili. Shimo la kwanza lilinitoa kwenye sakafu. La pili lilimtoa baba mdogo, na kofia yake ikabaki barabarani. Sikuwa na nafasi ya kumcheka kwa sababu nilimwona mama kupitia kioo cha nyuma: alikuwa amejisukuma juu kwa viganja viwili, matako hayagusi kiti, amefumba macho.

Gari likasimama. Mlango wa upande wa mama ukafunguka na akateremka taratibu, kwanza mguu mzima, kisha ule mwingine akiushika kwa mkono kuuweka chini.

"Panda, mama watoto, nitaenda polepole," baba akamwambia.

"Umeenda polepole. Nimekuona."

"Sasa?"

"Sasa ninyi endeni na chuma chenu. Mimi natembea."

"Watu wanaona."

"Waone."

Akatembea. Nilishuka nikamshika mkono. Baba aliendesha nyuma yetu kwa mwendo wa miguu yetu, mkia wa gari umenyanyuka juu vizuri sana, kama alivyotaka. Watu waliokuwa wanapalilia mahindi walisimama na majembe yao. Mama mmoja akavuka mtaro na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

"Bado," mama akamjibu.

Mtu mwingine angeona kwamba kosa limeonekana na linarekebishwa. Sisi tulilipatia kosa chakula. Baba mdogo ndiye aliyekuja na wazo: springi ngumu zinalainika zikiwa na mzigo, basi mzigo utafutwe. Walijaza magunia mchanga wa mtoni, wakayapanga nyuma ya pikapu, juu ya ekseli, na siku ya mazoezi mama akapanda. Nitakuwa mkweli, ilifanya kazi. Gari lilitulia. Mama alifika Vwawa akiwa salama. Nilikasirika kuliko kama ingeshindwa, maana sasa kulikuwa na ushahidi wa kutetea upuuzi. Tulikuwa tunanunua dizeli ili kutembeza mchanga ili springi za kubeba kahawa tusiyoibeba zikubali kumbeba mtu mmoja mwembamba.

Majirani waliona mchanga unaenda na kurudi wakauliza kama tunajenga.

"Tunaanza taratibu," baba akawajibu.

Taratibu! Fundi mwashi wa Itaka akasikia, akaja nyumbani kwa pikipiki kuangalia kiwanja. Baba alimzungusha nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, akimwonyesha mahali pa vyumba ambavyo havikuwepo hata kwenye ndoto ya mtu. Niliwakuta huko nimerudi mapumziko, wanabishana kuhusu upande wa madirisha. Niliingia jikoni nikamkuta mama anakuna kichwa kwa ncha ya kisu na kutabasamu peke yake.

"Mama, unacheka?"

"Nifanyeje? Nyumba yangu mpya ina baraza."

Kisha mvua zikaja. Mchanga ukanywa maji, magunia yakawa mazito maradufu, na kwenye kile kilima kabla ya lami pikapu ikazama mpaka kwenye ekseli. Magurudumu manne yalizunguka yote na hayakwenda popote. Tulishusha mchanga kwenye tope, gunia baada ya gunia, mimi na baba na vijana waliokuwa wanapita, na tulipomaliza saa ya mazoezi ilikuwa imeshapita. Tukarudi nyumbani bila mchanga. Mama alirudi kwa miguu, katikati ya njia, amejifunika mfuko wa nailoni. Jioni alikaa kwenye kigoda akaubonyeza mguu wa kulia kwa kidole gumba, kuanzia pajani kushuka. Nilimuuliza anahisi wapi. Akanionyesha mahali. Palikuwa juu zaidi ya mwezi uliopita.

Nilimwendea baba na nikasema mambo yote, kwa sauti ambayo binti hapaswi kuitumia kwa baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umemaliza?" Kisha akaniambia kwamba nina maneno mengi na sijawahi kumiliki hata baiskeli.

Mama ndiye aliyelitengua fundo. Siku ya mazoezi iliyofuata, magunia mengine yakiwa tayari yamejazwa, alitoka nje na kitenge chake cha kusafiria.

"Mchanga ubaki nyumbani," akasema. "Na leo ataendesha mwanangu."

"Kwa nini?" baba akauliza.

"Mimi nitakaa huku, karibu naye. Wewe kaa pale ninapokaaga."

Nilikuwa na leseni, na baba hakuwa na sababu ya kukataa aliyoweza kuitamka. Akazunguka gari. Ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, pamoja na kuuliza kwangu kote: baba hajawahi kukaa kwenye kiti cha abiria cha gari lake mwenyewe. Hakujua hata mlango ule unavyofunguliwa. Una namna yake, unaunyanyua kwanza. Aliuvuta mpaka mama akamsaidia kutokea ndani.

Anayeshika usukani analiona shimo kabla halijafika. Anajikaza, ana kitu cha kushika. Aliyekaa pembeni anapewa shimo bila taarifa. Niliendesha kwa mwendo wa baba, si zaidi, naapa. Mama alikaa katikati, amejitandikia mito miwili ya kitandani, na mkono wake mmoja umenishika begani kwa nguvu. Kwenye shimo la kwanza kichwa cha baba kiligonga paa. Kwenye la pili alitafuta cha kushika, mkono ukapapasa dashibodi, ukakosa. Kwenye la tatu akasema "Aah!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Punguza," akaniambia.

"Huu ndio mwendo wako, baba."

"Nimesema punguza."

Mama alikuwa anatazama mbele. "Huwa tunafika tu," akasema. "Vumilia."

Tulifika kwenye lami baba amejisukuma juu kwa viganja viwili.

Wiki iliyofuata nilikuwa dirishani ofisini Tunduma nikaiona pikapu yetu inatoka upande wa mtaa wa spea. Nilitambua bodi yake, ila sikutambua mkao wake. Nyuma ilikuwa imekaa sawasawa na ardhi, na ilipopita kwenye tuta mkia ulishuka, ukapanda, ukatulia. Ilikuwa ile jozi nyembamba, au ndugu yake. Alipita karibu na mlango wa ofisi yangu na hakusimama.

Sasa mama hakosi mazoezi. Ganzi imerudi chini ya goti na imekaa hapo. Daktari anasema tusubiri. Magunia ya mchanga yapo nyuma ya nyumba yameota magugu, na fundi mwashi bado hupita kuulizia.

Juzi tulikuwa tunarudi kutoka Vwawa. Baba alikuwa anaendesha, mama pembeni yake, na mlangoni alikaa mzee mmoja wa kanisani tuliyempa lifti, yule yule wa utani wa migomba. Mimi nilikuwa nyuma na mizigo ya watu, na kioo cha nyuma kilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Gari lako siku hizi linateleza tu," mzee akasema. "Umefanyaje?"

"Nilibadilisha springi," baba akasema. "Watu hawajui kuchagua. Wanachagua kwa mlio. Springi, mzee mwenzangu, kazi yake ni kushuka. Isiposhuka hiyo ni reli."

"Kumbe!"

"Lazima ujiulize kwanza, gari hili linabeba nini? Mimi nilijiuliza."

Nilikunja ngumi nikainyanyua ili nigonge paa, nilipige kwa nguvu zangu zote, gari lisimame na maneno yangu yarudishwe. Tukaingia kwenye shimo kubwa la pale kilimani. Nyuma ikashuka, ikapanda. Kupitia kioo nikaona kichwa cha mama kinayumba upande mmoja na kurudi, kinalala begani kwa baba. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amelala usingizi, kwenye barabara ile.

Nikaishusha ngumi, nikaishika bodi. Hasira bado ninayo.